Usituvalie Shuka, Tuonyeshe Bajeti

Tarehe 10 Agosti 2027 bado, lakini hapa Githongo spika za magari ya kampeni tayari zinatuamsha kabla ya jogoo. Angalia picha za wagombea. Kila mmoja amevishwa shuka, ameshikishwa fimbo na usinga, wazee wamemzunguka. Ukitaka kura za Meru lazima upitie Nchiru, kwa Njuri Ncheke. Sina shida na hiyo. Swali langu ni moja: ukishaivua hiyo shuka, historia yetu umeiwekea pesa ngapi?

Juzi nilimuuliza hivyo mgombea mmoja aliyesimama hapa sokoni. Jina simtaji, maana wenzake wangejibu vilevile. Alisema anapenda sana mila zetu, akaahidi "kituo kikubwa cha utamaduni". Watu wakapiga makofi. Nikauliza, kwa pesa za nani? Akasema hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa, akarukia mambo ya barabara.

Hapo ndipo tunachezwa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iligawa kazi waziwazi. Majengo na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali ya kitaifa. Lakini makumbusho, maktaba na shughuli za utamaduni zimeandikwa kwa orodha ya kaunti. Ni kweli Makumbusho ya Meru pale mjini, kwenye lile jengo la 1916 lililokuwa ofisi ya DC wa mkoloni, yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hiyo haizuii kaunti kufanya yake. Kwa hivyo mtu anayetaka kuwa gavana au MCA akikuambia "hiyo ni ya Nairobi", muulize kama amesoma kazi anayoomba.

Najua mtaniambia nini. "Buda, tunataka dawa, maji na bei nzuri ya majani chai, na wewe unatuletea vitu vya zamani?" Ni hoja nzito na siidharau. Mimi pia natembea kwa tope hilo hilo.

Lakini fikiria hivi. Barabara isipowekwa lami 2028, inaweza kuwekwa 2033. Barabara inangoja. Mzee hangoji. Hali ya hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku hiyo, sasa amepita 90. Hao ndio waliokuwa msituni wakati mmoja na Field Marshal Musa Mwariama, ambaye alitoka tu uhuru ulipofika 1963. Ndio waliopeleka chakula usiku. Ndio waliolazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya. Na kumbuka marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003 tu. Miaka 40 baada ya uhuru, mtu alikuwa bado anaogopa kusema alikuwa nani. Wengi walizoea kunyamaza, na wengi wamezikwa hivyo.

Au chukua wasichana wa Ngaitana. Njuri Ncheke walipiga marufuku ukeketaji 1956, na wasichana wengi wa Meru wakaasi, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Jina hilo maana yake ni "nitajitahiri mwenyewe". Ukitaka kuisoma habari hiyo kwa kina, itabidi utafute kitabu cha Mmarekani, Lynn Thomas, kinaitwa Politics of the Womb, cha 2003. Nashukuru alikuja akauliza. Lakini inakuwaje mgeni avuke bahari kuwauliza nyanya zetu, na sisi tulio nao jikoni hatuna hata faili?

Nyanya yangu mwenyewe ameshaenda. Nina sauti yake kwa simu, dakika nne. Mbili kati ya hizo anauliza kama nimekula.

Sasa, kurekodi wazee hakuhitaji kituo kikubwa. Kunahitaji vijana wanaojua Kimeru, vipaza sauti, nauli ya boda, mtu wa kuandika yaliyosemwa, na nakala kwenye maktaba na shule zetu. Basi kwa nini kila mgombea anaahidi jengo? Kwa sababu jengo lina tenda, lina mkandarasi, na lina utepe wa kukata. Sauti ya mzee haina tenda.

Kama mtu yuko siriasi, njia ipo. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, 2023 hadi 2027, unaisha. Mpya utaandikwa baada ya uchaguzi. Kisha kila mwaka makadirio ya bajeti yanapelekwa kwa bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, na sheria inataka wananchi wasikizwe. Ahadi ambayo haimo kwenye hayo makaratasi mawili ni upepo, hata ikitolewa na mtu aliyevaa shuka safi namna gani.

Kwa hivyo akija kwenu Katheri, Kariene au Gatimbi, msikilizeni kwa heshima, maji ya kunywa mpeni. Halafu mmoja wenu anyoshe mkono aulize: shilingi ngapi, mwaka upi wa fedha, na utaanza na wazee wa kijiji gani? Akianza kuimba, mrudishieni swali.