Nilifika kwa Mwaga Bila Maneno

Nyanya alikuwa akisema mtu haendi Engoro ya Mwaga mikono mitupu. Unaacha kitu, hata kama ni punje za wimbi, halafu unasema maneno. Maneno gani? Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa na miaka tisa, Krismasi, nimetoka Nairobi kuja ushago, na Ekegusii changu kilikuwa kinaishia kwa "bwakire". Alinieleza yote jikoni huku akisonga obokima, nami nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Alifariki miaka miwili iliyopita. Desemba hii nikaamua kwenda.

Engoro ni shimo. Neno hilohilo ndilo Wagusii wa zamani walilomwitia Mungu. Liko kwenye miamba ya Manga, ule ukingo mrefu unaouona ukiwa mjini Kisii, Nyamira ikianza huko juu. Nilinunua wimbi Daraja Mbili, nikapanda boda. Kijana wa boda akaniuliza, "Unaenda kuomba ama kupiga picha?" Sikumjibu. Kusema kweli, sikuwa na jibu.

Nilichokuta ni vichaka, chupa za soda, na majina ya wapenzi yameandikwa kwa rangi kwenye mwamba. Sikuona kibao wala mtu wa kuuliza. Nikasimama pale na karatasi yangu ya wimbi, na swali lililonijia lilikuwa dogo sana: nivue viatu ama nisivue?

Nikakumbuka hekalu la Wahindu la Swaminarayan, pale Forest Road, Nairobi. Nilizuru mara moja na darasa letu. Si la kale, lilifunguliwa 1999, na mawe yake yalichongwa India yakaletwa kwa meli. Lakini watoto wa Kihindi wa umri wetu waliingia wakijua viatu vinaachwa wapi na mikono inakaa vipi. Sisi tuliwaiga. Kwao nilijua la kufanya. Hapa kwetu, nilikuwa mgeni.

Na si ati sisi hatujui mawe. Mawe ya Tabaka yanauzwa duniani kote. Ndege aliyechongwa na Elkana Ong'esa yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Kaya za Mijikenda kule Pwani ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2008, na ni misitu tu, hazina minara wala kuta za kuchongwa. Zina wazee wanaokuambia ukanyage wapi. Mahali patakatifu hupotea siku anapokosekana mtu wa kukuambia hivyo, hata kama mwamba bado umesimama.

Nikiwa bado nawaza hayo, mama mmoja mzee akapita na mzigo wa nyasi.

"Bwakire, magokoro."

Aliitikia, kisha akauliza lile swali la Wakisii wote: wewe ni wa nani? Nikamtajia ukoo wetu. Akatua mzigo. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, watu walikuwa wanasema nini hapa.

Akacheka. "Mama yangu ndiye alijua. Mimi nilibatizwa Msabato, hayo tuliyaacha."

Nikanyamaza. Nadhani uso wangu ulimhurumisha, maana akaongeza, "Lakini ng'ombe wangu sichungi hapa."

"Kwa nini?"

"Mama alikataa."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayekuambia mvua imenyesha. Amekaa na imani nyingine maisha yake yote, na bado ng'ombe wake hula mbali na hilo shimo. Nikamwomba anisemee vile mama yake alivyokuwa akimkataza, kwa Ekegusii, kama alivyosikia akiwa mtoto. Alisita. Akaangalia huku na huku kana kwamba mchungaji wake angetokea kwenye vichaka. Kisha akasema, na simu yangu ikarekodi.

Alipoondoka nikavua viatu. Sijui kama ndivyo inavyotakiwa. Nikamwaga wimbi na sikusema kitu.

Rekodi ni ya sekunde 40. Huwa naisikiliza kwenye matatu asubuhi nikienda kazini. Nimeshaelewa karibu nusu. Kuna neno moja katikati ambalo shangazi yangu pia halijui, na wiki hii nampigia mjomba.