Saa mbili usiku iliyomponza mlinzi wa Mikumi

Mikumi mjini habari haikawii kuzunguka. Malori ya Tunduma yanalala pale, mabasi ya Iringa na Mbeya yanapita pale, njia ya Kidatu na Ifakara inachepukia pale. Watu wa mbali wanaijua kwa twiga na tembo wa hifadhi iliyoanzishwa 1964, lakini wenyeji wengi wanakula kwa barabara. Mmoja wao ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na pembeni kaweka uwakala wa pesa.

Mlinzi wake ni mzee wa Kividunda, kashuka kutoka milima ya Vidunda miaka mingi iliyopita. Rungu, tochi, koti zito, basi. Mama alipofunga kengele ya ulinzi akampa na mzee namba ya siri, ileile anayotumia yeye, mdogo wake wa kiume na binti wa kaunta. Sababu ilikuwa popo. Wakiingia darini sensa inawaona, king'ora kinapiga na mtaa mzima hauongei na wewe kesho yake. Mzee alikuwa pia na ufunguo wa mlango wa nyuma, ili awashe jenereta umeme ukikatika.

Jumatatu moja asubuhi droo ya uwakala ikakutwa imepungua laki nane. Kufuli zima, dirisha zima, kengele imetegwa kama ilivyoachwa Jumamosi. Akaitwa kijana wa duka la simu, akabonyeza menyu ya matukio, akasoma mstari mmoja: Jumamosi, 20:40, kengele imeteguliwa, mtumiaji namba 1. Saa mbili na dakika arobaini usiku. Nani alikuwepo dukani muda huo? Mzee.

Yaani haikuchukua hata robo saa. Mzee aliitwa mwizi pale nje, stendi inasikia, bodaboda wanasikia, mama ntilie kaacha sufuria anasikia. Akavua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mfuko wa saruji, akaondoka.

Siku tisa baadaye, Jumatano, akaja fundi wa kengele kutoka Morogoro kubadili namba na kuweka betri mpya. Kijana mpole, haongei sana. Akaingia kwenye menyu ya fundi na kuanza kusoma kumbukumbu zote, siyo mstari mmoja. Akasita.

"Mama, Jumamosi ile mlifunga duka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo, mwanangu. Kama kawaida."

"Hapa inasema mliitega 00:15. Saa sita na robo usiku."

Mama akacheka kidogo. Fundi hakucheka. Akategua kengele palepale, akatazama simu yake: Jumatano, 10:05, yaani saa nne na dakika tano asubuhi. Paneli ikaandika Jumanne, 16:05. Ilikuwa nyuma kwa saa kumi na nane.

Kumbe wiki chache kabla, umeme ulikatika siku nzima. Betri ya volti 12 ilikuwa imechoka, paneli ikafa kabisa. Umeme uliporudi ikawa imesahau saa, na taa ya hitilafu ikawaka. Mama mwenyewe, akiwa na kijitabu mkononi, akajaza tarehe na saa ili taa izime. Ilikuwa saa mbili usiku, akaandika 02:00. Kwa Kiswahili yuko sahihi kabisa! Ila mashine haijui kwamba saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Kwake 02:00 ni saa nane za usiku, na saa mbili usiku ni 20:00.

Fundi akachukua kalamu, akaongeza saa kumi na nane kwenye ule mstari. Jumamosi 20:40 ikawa Jumapili 14:40, saa nane na dakika arobaini mchana. Dakika kumi na mbili baadaye ikategwa tena. Muda huo mzee alikuwa kwake amelala, maana zamu yake inaanza jioni. Mama alikuwa harusini Morogoro. Funguo za akiba alizibakiza kwa mdogo wake.

Mama hakusema kitu. Akakaa kwenye ndoo ya rangi.

Paneli haiwezi kuthibitisha zaidi ya hapo, maana watu wanne walikuwa wote mtumiaji namba 1. Hapo mama alikosea, tuseme ukweli. Ukiwapa watu wanne namba moja, lawama itamwangukia mwenye sauti ndogo.

Wiki ileile akapanda hadi Vidunda kwa bodaboda, na sukari na kitenge cha mke wa mzee. Akaomba radhi, akalipa siku tisa. Mzee akazihesabu mbele yake, noti moja moja. Kurudi kazini akakubali, ila ufunguo hataki, namba hataki. "Popo wakipiga nitakupigia simu, mama. Mimi nipe kitu cha kuona tu."

Fundi akampa taa. Toleo la paneli linatoa umeme kidogo mno, halibebi taa kubwa, kwa hiyo akaweka rilei katikati: paneli inaamsha rilei, rilei inaunga waya wa taa. Kwenye menyu akachagua toleo lifanye kazi kengele ikiteguliwa, waya akaufunga upande ulio wazi rilei ikilala. Angekosea upande, taa ingewaka kinyume. Taa yenyewe ni ya volti 12, inayokula betri, ili umeme ukikatika isizime. Sasa kila mtu ana namba yake. Ikiteguliwa, taa inawaka kwenye kibanda, na mzee anaandika saa kwenye daftari, za Kiswahili.

Mdogo wake mama kahamia Ifakara, sababu hazijasemwa. Namba 3 aliyotengewa haijatumika hata mara moja.

Lakini mzee bado anadai. Aliitwa mwizi stendi mchana kweupe, radhi akaombwa milimani, wawili tu na mkewe. Anataka isemwe palepale, mbele ya walewale. Mama akisema si mzee, swali linalofuata stendi ni nani basi, na jibu limezaliwa tumbo moja naye. Kila jioni mzee anapofika anamsalimia, anavaa koti, anasubiri. Wewe ungekuwa huyo mama, ungesema?