Sindano Moja Iliyolala



Kwa miezi mingi Land Rover yetu kuukuu ilikuwa ikilalamika. Kila ilipoondoka, chuma kiligongana chini ya miguu yetu. Na mwendo ulipozidi, sakafu nzima ilitetemeka. Nasi tulizoea. Tuliimba kwa sauti kubwa zaidi ili tusisikie. Hapa Niemba gari linalotembea huwa kama mali ya wote: ndilo lipelekalo mahindi sokoni, na wagonjwa Kalemie wakati treni haipiti.

Siku moja fundi mzee, jirani yetu, alilala chini ya gari, akaushika mhimili wa kardani na kuutikisa. Ukacheza. Akasema, “Msalaba wake umekwisha. Ukikatika njiani, ncha ya mbele itaanguka na kuchoma ardhi, na gari laweza kuwapindua.” Tulinyamaza. Juma lililotangulia tulikuwa tumembeba mama mjamzito katika gari hilohilo.

Vipuri vilipofika kutoka Kalemie, tulikusanyika uani. Kabla ya kufungua hata bolti moja, mzee alituamuru kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Tulicheka, kwa maana breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Yeye hakucheka. Alitueleza kwamba katika gari la aina hii breki ya mkono hushika mhimili huohuo, wala si magurudumu yenyewe. Mhimili ukitolewa, breki haishiki kitu. Na kweli, tulipoufungua, gari lilijongea kidogo, likaegemea mawe. Mwenzetu alikuwa amelala chini yake.

Kila ncha ya mhimili ina msalaba mdogo wa chuma wenye mikono minne. Kila mkono huvikwa kikombe, na ndani ya kikombe husimama sindano nyembamba za chuma, zimepangwa duara na kushikwa na grisi. Hizo ndizo zinazouwezesha mhimili kupinda na kuzunguka pamoja. Katika msalaba wa zamani grisi ilikuwa imekauka, na sindano zimesagika kuwa unga mwekundu.

Vikombe vitatu vilikaa vyema. Cha nne kilikataa. Klipsi yake haikuingia mahali pake. Jua lilikuwa linatua, nasi tukachukua nyundo kubwa. Ndipo mdogo wetu, ambaye tangu asubuhi tulimtuma maji tu, aliposema, “Iko sindano imelala.” Tulimwambia asitusumbue. Mzee akasema, “Fungueni.” Tukafungua. Sindano moja ilikuwa imeanguka, imelala chini ya kikombe. Kama tungezidi kupiga, tungeivunja, na msalaba mpya usingedumu. Tuliisimamisha kwa grisi, na kikombe kikaingia kwa kugongwa kidogo tu.

Usiku ule gari liliondoka kimya. Hatukuimba, tulisikiliza.

Mara tatu tulikaribia kuumiza watu, na hakuna hata mara moja iliyotokana na ubaya wa moyo. Tulizoea kelele, tukaidharau hekima ya mzee, tukainyamazisha sauti ya mdogo. Basi tuulizane katika vikundi vyetu: ni mlio gani tunaoufunika kwa nyimbo? Na ni nani kati yetu aliyelala chini, nasi tunazidi kupiga nyundo badala ya kufungua na kumsimamisha?