Mdaa, Mwani na Mkeka wa Bibi

Sisi tuliokulia Jambiani, kusini mwa Unguja, tuliujua mdaa tangu utotoni. Kichaka hiki huota kwenye maweni, ambako hata muhogo hupata taabu. Bibi akirudi na mzigo wa mizizi yake, tulijua siku hiyo chungu hakitateremka mapema. Mizizi ilipondwa, ikachemshwa pamoja na ukindu mpaka ukatoka mweusi. Unjano ulitoka kwenye manjano ya jikoni, wekundu kwenye mbegu za mzingefuri.

Chungu kikichemka, wanawake walikaa kivulini kusuka ukili wa mikeka. Huyu atatega kitendawili, yule ataleta kisa cha Sungura, na mambo ya unyumba yatapenyezwa humo humo, wakidhani watoto hatusikii. Bibi alishikilia kuwa waliogombana wasikisogelee chungu, rangi itakataa kushika. Nadhani alitaka wapatane kwanza.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani wa biashara kilianza kwetu na kijiji jirani cha Paje. Bamvua likifika, kina mama wote wako baharini, na mwani ukiuzwa wana pesa zao mkononi. Nani tena achimbe mizizi? Ikaja rangi ya unga ya dukani: zambarau, kijani, waridi, inashika kabla kuni hazijaisha. Nilipomuuliza shangazi mbona ameuacha mdaa, alinijibu, “Mwanangu, ukichimba mizizi kichaka kinakufa, na mgongo wangu nao unakufa.” Sina la kumlaumu.

Wanaolaumu rangi ya dukani kwamba ndiyo iliyoua mkeka wanakosea. Mkeka wa ukindu uliishi nayo vizuri tu, na ulipendeza. Kilichoutoa barazani ni mkeka wa plastiki, rahisi wa bei, unaofutwa kwa kitambaa. Msukaji alipokosa mnunuzi, aliweka chini shazia, sindano yake ya kushonea mikeka, na vitendawili vya pale kivulini vikakosa mahali pa kutegwa.

Siku hizi wageni, na hata vijana wetu wa mjini, wanaulizia rangi za mizizi. Vyema. Lakini wakitajiwa bei wanataka ile ya plastiki. Ukikutana na mkeka uliotiwa mdaa, muulize msukaji alivyoupika, kisha mlipe alichotaja.