Taa ya Mgeni na Kasa wa Vamizi

Kusini mwa mlango wa Mto Ruvuma, katika pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, kipo kisiwa cha Vamizi. Watalii walikiendea kwa mapumziko. Kasa hukiendea kutaga mayai mchangani. Baada ya siku 60 hivi, makinda huanguliwa na kutoka usiku, yakikimbilia upande wenye mwanga, ambao kwa asili ni bahari. Taa ikiwaka ufukweni, huielekea hiyo, yakapotea na kufa. Tangu mapigano yalipozuka Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba, 1917+100, yaani 2017, utalii umedhoofika mno. Amani itakapotengemaa, wageni na wapokewe kwa ukarimu. Bali taa zao zizimwe mapema, kwani mwenyeji wa mchanga huo ni kasa.