Modemu Moja, Nyumba Tisa: Amana ya Intaneti Katika Mtaa Wetu

Kamati nyingi za misikiti zimezoea kujadili maji ya udhu, mabati ya paa na posho ya mwalimu wa madrasa. Sisi wa Itetemia, hapa Tabora, tumejikuta tukijadili jambo ambalo wazee wetu hawakulikuta: nani ana haki ya kutumia intaneti ya msikiti, na kwa gharama ya nani? Tunaliandika hapa kwa kuwa familia nyingi, kama hazijakutana nalo, zitakutana nalo.

Ardhi hii si ngeni kwa habari za mbali. Itetemia ilikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika katika viunga hivi. Mwaka 1871 Stanley alizikuta hapa Unyanyembe barua za Livingstone zilizotumwa tangu mwaka uliotangulia, zimelala bila kufikishwa. Akazichukua yeye hadi Ujiji. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya miezi ikawa ya siku. Leo habari hufika kwa sekunde, lakini yaliyozisibu barua zile bado yapo: habari imefika Unyanyembe, ila nyumba inayoihitaji haijaipata.

Msikiti wetu ulikuwa na modemu moja, kile kifaa kidogo chenye laini ndani yake, kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta. Ilinunuliwa kwa kazi za ofisi: barua, taarifa na kupakua darsa. Modemu ya namna hiyo huhudumia kompyuta moja tu. Simu ya kisasa nayo yaweza kugawa intaneti, lakini simu huondoka na mwenyewe, na betri yake ikiisha, wote wamekatikiwa.

Aliyeleta hoja ni dada anayefundisha madrasa. Mabinti wawili wa mtaani walikuwa wamemaliza kidato cha sita, na maombi ya chuo na ya mkopo wa elimu ya juu hufanywa kwa mtandao. Simu za nyumbani kwao ni vitochi. Ikawabidi kwenda mjini kwenye duka la stesheni, kupanga foleni, umeme ukatike, warudi Magharibi imeshapita. Mama wa mmoja wao alituambia, “Katibu, mwanangu nimemlea miaka kumi na tisa asitembee usiku. Leo fomu ndiyo inamtembeza.”

Kijana mmoja fundi wa simu akatuonesha njia: ruta ndogo yenye tundu la USB, ambayo huipokea modemu ile ile na kuigawa intaneti yake bila waya kwa vifaa kadhaa. Bei yake haikufikia bei ya mbuzi. Tulilojifunza dukani ni kwamba si kila ruta yenye tundu la USB hupokea modemu. Nyingine tundu hilo ni la kuhifadhia mafaili tu, na nyingine huzitambua modemu za aina fulani pekee. Basi mwenye kununua aende na modemu yake, ijaribiwe mbele yake kabla hajatoa fedha. Pia aiondoe namba ya siri ya laini, ruta isije ikakwama kila umeme unaporudi.

Kifaa kikawa tayari, lakini mjadala ndio ukaanza. Mzee mmoja wa kamati aliuliza, “Kifurushi kimenunuliwa kwa sadaka ya Ijumaa. Aliyetoa sadaka ile alikusudia mtoto wa jirani atazame mpira?” Halikuwa swali la ubahili. Mafakihi wamesisitiza kwamba mali ya wakfu hufuata sharti la aliyeiweka, na fedha iliyotolewa kwa ajili ya msikiti ni amana mikononi mwa kamati. Upande wa pili kulikuwa na haki ya jirani, ambayo hakuna Muislamu anayeweza kuipuuza. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kuzidisha maji katika mchuzi ili jirani naye apate.

Imamu wetu akatukumbusha kisima cha Ruma, alichokinunua Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) ili Waislamu wote wanywe. Kisha akaongeza, “Lakini alikinunua kwa mali yake.” Hapo tukapata ufumbuzi. Nyumba tisa zilizo jirani zilikubali kuchanga shilingi elfu mbili kila wiki, katika daftari lisilochanganywa na hesabu za msikiti. Kutokana na mchango huo hununuliwa kifurushi chote, pamoja na sehemu ya ofisi. Sadaka ya Ijumaa haiguswi. Ruta yenyewe ilinunuliwa na wahisani wawili, walioelezwa wazi matumizi yake kabla hawajatoa.

Ikumbukwe kwamba ruta haiongezi kifurushi, hukigawa tu. Wiki ya kwanza kifurushi kiliisha siku ya tatu, na kila nyumba ikaitazama nyingine kwa jicho la tuhuma. Fundi alipochunguza akagundua kuwa hakuna mwizi. Simu ikiona waifai hudhani ni intaneti isiyo na kipimo, ikaanza kusasisha programu zake yenyewe. Tukapita nyumba kwa nyumba kuzima usasishaji huo na video zinazojiendesha zenyewe. Saa moja ya video yaweza kula mamia ya megabaiti, ilhali ujumbe wa maandishi hauli hata moja.

Kuhusu machafu ya mtandaoni, ambayo ndiyo hofu ya kila mzazi, tulibadilisha anwani za DNS ndani ya ruta na kuweka 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ni huduma ya bure ya kampuni ya Cloudflare inayozuia tovuti nyingi za uchafu kwa kila kifaa kilichounganishwa. Hata hivyo ni uzio, si mlinzi. Mtoto mjanja huuruka. Malezi hayajapata mbadala.

Taratibu nyingine ni chache. Nywila hubadilishwa kila mwezi na hukabidhiwa mkuu wa nyumba, baba au mama. Ruta huzimwa tangu adhana hadi sala na sunna zake zimalizike. Baina ya Alasiri na Magharibi, chumba cha madrasa ni cha mabinti na mama zao, na vijana wa kiume hubaki barazani.

Mabinti wale wawili walijaza maombi yao humo, mama zao wakiwa pembeni na vyeti mapajani. Majibu ya mkopo bado yanasubiriwa. Mzee aliyeuliza swali la sadaka ndiye tuliyemkabidhi daftari la michango, naye kila Ijumaa husoma hesabu mbele ya wote, hadi shilingi ya mwisho.

Kwa kamati zinazofikiria jambo hili, ushauri wetu ni kwamba swali la amana litangulie, na ununuzi wa kifaa ufuate. Kifaa kikiharibika hutengenezwa kwa siku moja, lakini imani ya waumini juu ya fedha zao ikiharibika, hakuna fundi wake mjini.

Wabillahi Tawfiq.