Mizani ya Mwanga

Sisi tuliozoea kuhesabu mizani ya mshororo husahau kwamba neno hilo ni la mpima uzito kabla ya kuwa la mshairi. Mimi nilikumbushwa na kamera.

Katika miaka ya 1990, nikifundisha Kibondo, nilitunza kamera ya shule, Pentax K1000. Timu yetu ilicheza na wenzetu wa Kasulu, saa kumi na moja jioni, jua likishuka nyuma ya goli. Nililinganisha sindano katikati, nikaridhika. Mlinda mlango wetu aliporuka, nikabonyeza.

Baadaye mama yake alikuja kuiomba picha ile. Kijana alikuwa amekwenda mbali kutafuta maisha, na nyumbani hapakuwa na picha yake nyingine. Aliitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, jezi naiona. Mwanangu yuko wapi?"

Nilirudi kwenye negativu. Palipokuwa pa uso palikuwa pang'avu kama kioo: mwanga haukuandika kitu.

Kosa lilikuwa langu. Kipimamwanga hakijui uso wala mbingu. Hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Kamera ile ilipima uga mzima. Mbingu iling'aa, sindano ikadai mwanga mdogo, nami nikatii.

Kamera za leo hutoa njia kadhaa, na kila moja nimeitafutia jina. Kipimo cha mafungu hugawa picha vipande vingi na kuvilinganisha. Hufaa jua likiwa nyuma ya mpiga picha. Kipimo cha kitovu huipa katikati uzito zaidi. Kipimo cha nukta husoma sehemu ndogo tu, kama uso, na hakijali mbingu. Lakini uso mweusi kama wetu hurudisha mwanga pungufu kuliko kijivu kile. Ukiufuata kama ulivyopimwa, picha itapauka. Punguza takriban hatua moja. Jezi nyeupe hutaka kinyume chake: ongeza.

Mchezoni nukta ina hila nyingine: mchezaji akikimbia, huruka kutoka usoni hadi kwenye jezi, na vipimo vikayumba. Kwa hiyo, jua likiwa tulivu, mimi hupima kiganja changu kikiwa katika mwanga uleule unaowaangukia wachezaji, nikaongeza hatua moja, kisha nikaufunga mpangilio huo kwa mkono. Mbingu ikiungua, na iungue.

Mshairi naye huchagua. Hawezi kuupa kila neno uzito sawa. Lazima aamue ni lipi lionekane, hata kama mengine yatapotea.

Sasa nimestaafu, naishi Kasulu, na jioni hupiga picha mechi za vijana. Kabla ya kubonyeza hujiuliza swali la mama yule. Kama mna neno bora kuliko "kipimo cha nukta", nileteeni.